Spika Mbili, Sikio Moja

"Fumba macho."

"Nimefumba."

"Umefumba moja, Randa. Nakuona."

"Hili lingine lina aibu, linataka kuchungulia kwanza."

"Randa!"

Kijana wa watu akafumba yote mawili. Akakaa wima kwenye kiti cha duka la spika, mikono juu ya magoti kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Muziki ukaanza. Gitaa likalia taratibu, ngoma ikafuata kwa nyuma, kisha mwanamke akaanza kuimba kwa sauti nyororo.

"Sasa niambie," mchumba wake akamuuliza, naye alikuwa anarukaruka palepale alipo kwa furaha. "Mwimbaji amesimama wapi?"

Wenzangu, hapa ndipo jasho lilipoanza kumtoka Randa.

Randa ni seremala. Jina hilo alipewa na huyuhuyu mchumba wake, siku ile alipoingia karakana kuagiza kabati akamkuta kijana kajaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope, amekumbatia randa kama mtu na mkewe. Naye hakukubali kuonewa. Akamwita mwenzake Redio, kwanza kwa sababu ni mtangazaji wa redio, pili kwa sababu akianza kuongea hana kitufe cha kuzimia. Harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Maharusi wengine hugombania makochi na rangi ya mapazia. Hawa nyumba yao mpya ilikuwa na chumba kidogo cha stoo, na Redio alishaapa kwamba humo haiingii ndoo wala fagio. Humo ni chumba cha kusikilizia muziki. Spika mbili nzuri, mahali pa kukaa watu wawili, mlango unafungwa, dunia inabaki nje.

"Spika zikiwa nzuri na zimepangwa vizuri," alikuwa akimwambia kila siku, "ukifumba macho unamwona mwimbaji. Kabisa! Anasimama katikati, hewani, pale pasipo na kitu. Gitaa kushoto kwake, ngoma kulia. Nataka tumwone pamoja, mimi na wewe."

Tatizo ni kwamba kumwona huyo mwimbaji kunahitaji masikio mawili, na Randa alikuwa nalo moja. La kulia lilishakufa siku nyingi. Mashine kubwa ya kuranda mbao ilikuwa inangurumia upande huohuo miaka nenda rudi, mpaka sikio likachoka likaamua kustaafu bila kuaga. Hakumwambia mtu. Alijifunza ujanja. Mtu akimsemesha kutoka kulia, anacheka na kuitikia "ndiyo kabisa." Wakitembea na Redio, anahakikisha yeye ndiye yuko kulia, ili sikio lake zima limwelekee bibie. Na kila alipotaka kumweleza ukweli, akimwangalia msichana anayeishi kwa masikio, anayekula kwa masikio, ulimi ulikuwa unaganda. Huyu atanitaka wa nini mimi nusu?

"Randa! Mwimbaji yuko wapi?"

"Kushoto," akasema, maana kwake dunia nzima ilikuwa kushoto.

"Kushoto?"

"Kushoto kabisa. Karibu na mlango."

Kicheko kizito kikasikika kama pipa linaviringishwa. Hicho kilikuwa cha mwenye duka. Wateja wanamwita Besi kwa sababu ya sauti yake, ambayo akisema tu habari za asubuhi, vikombe vinatikisika. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likalia, na tangu Redio alipoingia dukani alikuwa hajaliangalia jambo jingine lolote.

"Kaka, mwimbaji yuko katikati kama nguzo," Besi akasema. "Labda waya zimelegea. Ngoja nibadilishe."

Akabadilisha. Wimbo ukarudiwa.

"Na sasa?"

"Bado kushoto."

Redio akakunja uso. "Ajabu. Mimi namsikia katikati." Simu yake ikaita. "Ni wa kazini. Nakuja, msiguse kitu!" Akatoka nje mbio.

Besi akasimama. Akazunguka kimyakimya nyuma ya kiti, akaja upande wa kulia, akapiga vidole vyake, ta! ta! Randa alikuwa amekaa ametulia, anaangalia mlango. Besi akahamia kushoto, akapiga tena. Randa akaruka.

"Aaa! Kumbe," Besi akasema polepole. "Hilo la kulia limekwenda wapi, kaka?"

Randa akatupa jicho mlangoni. "Tafadhali. Usimwambie."

"Hajui?"

"Nitamwambia mwenyewe. Baada ya harusi."

Besi akatabasamu tabasamu la muuza duka. "Mimi na wewe wanaume. Sikiliza, kwa hilo moja ulilonalo. Nikishika kidevu, mwimbaji yuko katikati. Nikishika saa, kulia. Nikiweka mkono mfukoni, kushoto. Wewe chungulia kidogo tu."

"Kwa nini unisaidie?"

"Biashara, kaka. Mteja akifurahi, ananunua."

Redio akarudi. Kulikuwa na jozi mbili za kujaribu. Moja ilikuwa ya spika ndefu, zimesimama kifua mbele, zinamfika mtu begani. Redio alishazipa jina: Twiga. Nyingine zilikuwa fupi, za kuweka juu ya vigoda, hazina makuu. Hizo akaziita Mapacha. Zikapigwa zamu kwa zamu, na Randa akafumba jicho moja na nusu.

Besi akashika kidevu.

"Katikati!"

Besi akashika saa.

"Ngoma iko kulia!"

Mkono mfukoni.

"Gitaa, kushoto, limejificha nyuma kidogo!" Hilo la kujificha aliliongeza mwenyewe, uongo ulishamnogea.

Redio akapiga kelele mpaka mpita njia akachungulia dukani. Akamrukia mchumba wake shingoni. "Mnaona? Mnaona mwanaume wangu? Hata mafundi wa redio wengine hawasikii hivyo! Umewezaje?"

"Moyo ndio unaosikia, mpenzi."

"Basi nimeamua. Besi, tuletee jozi zote mbili nyumbani, tuzijaribu humohumo chumbani. Na wewe Randa, chumba nakuachia. Upange spika, utengeneze pa kukaa, kila kitu. Mimi siingii mpaka uniite. Masikio yako nayaamini kuliko yangu."

Nawaambieni, mtu akitukanwa hadharani haumii kama Randa alivyoumia kwa sifa ile.

* * *

Lakini mapenzi ni wazimu. Kufika nyumbani, hofu ikamgeuka ikawa mori. Alichukua likizo karakanani. Akapiga rangi, akatandika zulia, akatundika pazia zito dirishani ili sauti isigongane na kioo. Kisha akachonga benchi la watu wawili. Aliliranda kwa mkono, siyo kwa mashine, mpaka likawa laini kama shavu.

Redio alikuwa anatuma meseji kila akipata nafasi.

"Umefika wapi?"

"Mbali."

"Nipe picha basi hata ya msumari mmoja."

"Msumari umesema hautaki kupigwa picha kabla ya harusi."

"Nitakufa kwa hamu wewe!"

"Usife. Nimeshapima benchi la watu wawili, mimi peke yangu litanipwaya."

Benchi lilipokwisha, akalipanga jinsi alivyojua: kwa kusikia. Akawasha Mapacha, akakaa. Sauti ikawa mbali, imefifia. Akaligeuza benchi kidogo. Afadhali. Akaligeuza tena. Afadhali zaidi. Akaendelea kuligeuza kidogo kidogo, hadi ghafla muziki ukamwagika wote, mtamu, wa karibu, gitaa kila uzi wake, mpaka pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza ubeti. Randa akapiga ngumi hewani.

"Hapa hapa! Usitikisike!"

Akachukua drili, akalifunga benchi sakafuni kwa skrubu ndefu za chuma ili hata mtu akicheza muziki juu yake lisisogee. Akasimama mlangoni kuangalia kazi yake. Akaona imependeza. Na kweli ilipendeza, ila mapenzi yalikuwa yamemziba na macho pia.

Akampigia simu. "Njoo."

"Kweli?"

"Njoo mbio kabla sijabadilisha mawazo nikalala humo mwenyewe."

Redio akaja na shangazi yake, yule aliyemlea tangu mdogo, mama mmoja mwenye miwani mikubwa na maneno makubwa zaidi. Besi naye alikuwepo, amekuja kuunganisha Twiga. Randa akawapanga mlangoni, akasukuma mlango kwa madaha.

"Karibuni!"

Spika zilikuwa zimepangwa vizuri mbele, ukutani. Lakini benchi lilikuwa limezipa bega. Lilikuwa linatazama ukuta mtupu wa pembeni, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mbona benchi limenuna?" Shangazi akauliza.

"Halijanuna, Shangazi. Ndivyo linavyokaa."

Redio akacheka. "Umelifunga na skrubu kabla ya kuligeuza? Jamani Randa! Haya, ligeuze."

"Hapana, mpenzi, hapo ndipo muziki ulipo. Kaa usikie!"

Redio akakaa. Akasikiliza. Tabasamu likaanza kupungua. "Muziki wote unaniingia sikio la kushoto. La kulia halipati kitu."

Pipa likaanza kuviringika. Besi alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Si ndivyo! Si ndivyo! Amejipangia sikio lake moja! Hilo la kulia limekufa, dada yangu, halisikii hata radi! Mimi nilijua tangu dukani!"

Randa akatamani sakafu ipasuke, lakini sakafu aliikaza mwenyewe na haikuwa na nia ya kupasuka.

"Randa," Redio akasema taratibu. "Anasema nini huyu?"

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Kabla sijakujua."

"Na dukani? Katikati, kulia, gitaa limejificha nyuma?"

"Alinionyesha kwa ishara. Mimi nilikuwa nachungulia."

Redio akamgeukia Besi, na kicheko cha Besi kikakatika kama umeme. "Kwa hiyo wewe ulijua. Ukamsaidia kunidanganya. Ukasubiri tuwe mbele ya shangazi yangu ndipo ucheke?"

"Nilitaka uone mwenyewe ni mtu wa namna gani. Wewe ni mtu wa masikio. Unahitaji mwenzako wa—"

"Toka."

"Spika zangu—"

"Zitabaki hapa mpaka nichague. Toka!"

Besi akatoka. Shangazi akajifanya anakagua pazia. Redio akamkabili mchumba wake, na sauti yake, ile ambayo mji mzima unaijua, ilikuwa inatetemeka.

"Unajua nimewaambia watu gani? Nimewaambia marafiki zangu wote kwamba mchumba wangu ni muungwana. Tukitembea anahama upande kila mara, ananikinga na magari! Kumbe ulikuwa unahamisha sikio?"

"Na magari pia, kidogo."

"Usinichekeshe! Sina hasira na sikio, Randa. Sikio lingekuwa limekatika lote ningelifunga kilemba tukaendelea. Nina hasira kwamba nimekuwa nakuongelesha, unacheka, unasema ndiyo kabisa, na kumbe wakati mwingine hujui hata nimesema nini. Mangapi hayajakufika?"

Randa akainamisha kichwa. "Sijui. Ndiyo shida yake. Siwezi kujua nisichokisikia."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utanipima na chumba hiki, uone sitoshi."

"Basi umejipima mwenyewe, na skrubu ukakaza." Akachukua mkoba wake. "Sitaki kuolewa na mtu anayeniitikia kwa kubahatisha. Harusi naisimamisha. Shangazi, twende."

Shangazi akapita karibu na Randa, akasimama. Akamwambia kitu. Alikuwa upande wa kulia. Randa akafungua mdomo kuitikia kama kawaida yake, akaufunga.

"Shangazi," akasema. "Sijasikia ulichosema."

Shangazi akamzunguka, akaja kushoto, akamtazama juu ya miwani. "Nimesema wewe ni mjinga. Lakini benchi ni zuri."

* * *

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Simu ya Redio ilikuwa inaita mpaka inachoka. Randa alimwandikia:

"Nisamehe."

Hakujibiwa.

"Naomba uniambie tena yote uliyowahi kuniambia. Nitakaa kushoto."

Hakujibiwa, ingawa alama ilionyesha imesomwa. Asubuhi alikuwa anamsikia redioni akiwa karakanani, anawasalimia madereva na wauguzi na wapishi, mchangamfu kama hakuna kilichotokea, na Randa alikuwa anazima mashine zote ili asipitwe na neno hata moja. Wenzake wakimuuliza kwa nini kazi zimesimama, anasema ni habari muhimu. Zilikuwa ni taarifa za foleni barabarani.

Siku moja akaona hapana. Akachukua bisibisi na drili, akaenda ile nyumba kufungua benchi, alirudishe karakana, spika zirudi dukani, yaishe. Kufika, mlango wa chumba kidogo uko wazi nusu, na muziki unatoka.

Redio alikuwa amekaa kwenye benchi lile, anatazama ukuta. Viatu amevua.

"Hodi," Randa akasema kutoka mlangoni.

Hakuitikia.

"Redio, nimekuja kuchukua benchi."

Kimya.

Akajua bado amekasirika. Akaingia taratibu, akapiga hatua moja, akasema kwa unyonge, "Nisamehe, sikujua uko humu. Nitarudi." Redio hata hakugeuka. Randa akamgusa bega, na Redio akaruka akapiga ukelele uliozishinda spika zote.

"Unataka kuniua? Ungebisha hodi!"

"Nimebisha! Nimekusemesha!"

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo, kulia kwako."

Redio akashika sikio lake la kulia, akachomoa donge la pamba kubwa kama yai la njiwa. Wakaangaliana. Kisha Redio akaanza kucheka, na Randa akaanza kucheka, na walivyocheka hakuna aliyekumbuka nani alikuwa amemnunia nani.

"Nimeshinda nayo tangu asubuhi," Redio akasema, anajifuta machozi. "Nilikwenda nayo mpaka sokoni. Muuza nyanya kaniuliza kitu, unajua nimemjibuje?"

"Ndiyo kabisa."

"Ndiyo kabisa! Kanifungia nyanya ndoo nzima! Randa, ni kazi ngumu hii. Mtu anachoka. Umewezaje miaka yote?"

"Kwa kuogopa."

Redio akampa simu yake. "Soma."

Meseji ilikuwa ya Besi: "Mimi na wewe tunasikia kitu kimoja. Fikiria vizuri. Hizo Twiga nitakupa kama zawadi ya mwanzo mpya."

Chini yake Redio alikuwa amejibu: "Nimefikiria vizuri. Njoo uchukue Twiga wako. Wanakula nafasi."

Moyo wa Randa ukaanza kupiga ngoma, kulia na kushoto. "Lakini ulizipenda Twiga."

"Nilizipenda dukani. Kaa hapa nikuonyeshe. Siyo huko, huku. Kushoto ni kwangu mimi."

Akarudisha pamba sikioni, akahamishia waya kwenye Twiga. Muziki ukaanza, mkubwa, wa fahari. Mlango ukaanza kutetemeka, dirisha likajibu, na mwimbaji akazama katikati ya besi kama mtu anayepiga kelele kutoka ndani ya pipa.

"Unasikiaje? Na safari hii hakuna wa kukushikia kidevu."

Randa akavuta pumzi. Hajawahi kuulizwa swali hilo akalijibu kwa ukweli. "Nasikia kishindo. Yule dada simsikii anasema nini. Nasikia ana sauti tu."

"Ehe! Nami nikiwa na pamba hivyohivyo. Sasa hizi."

Akawasha Mapacha. Chumba kikatulia. Yule mwimbaji akaja karibu, maneno yake yamekamilika, hana haraka.

"Hapa namsikia," Randa akasema, na macho yakamlowa. "Sijui amesimama wapi. Kwangu hasimami katikati, sitakudanganya tena. Lakini nasikia kila neno. Nasikia mpaka alipotaka kucheka akajizuia."

Redio akamgeukia haraka. "Umesikia hapo? Watu wengi hawapasikii hapo! Hicho ndicho ninachokipenda mimi kwenye wimbo huu!" Akasimama, akaanza kurukaruka kama siku ile ya dukani. "Basi ni Mapacha! Tumechagua! Tumechagua wenyewe!"

"Na harusi?"

"Harusi ina sharti moja. Usiposikia, sema hujasikia. Hata mara elfu. Nitarudia. Mimi ni mtangazaji, kurudia ndiyo kazi yangu."

"Nakubali."

"Umesikia nilichosema?"

"Chote!"

"Haya, sasa geuza hili benchi lako linalozira."

Randa akashika bisibisi, akainama kwenye skrubu ya kwanza. Halafu akaacha. Akaangalia spika, akaangalia benchi, akaangalia mahali Redio alipokuwa amesimama, karibu na ule ukuta mtupu. Uso ukamwaka.

"Hapana. Simama hapohapo!"

"Nini tena?"

"Nitakuchongea kiti chako hapo ulipo, kitazame spika. Wewe masikio yako yote mawili yatapata haki yao, utamwona mwimbaji wako katikati. Mimi nitakaa hapa kwenye benchi, sikio langu la kushoto liko kwenye muziki kama nilivyolipanga. Na mbele yangu siyo ukuta tena, Redio. Mbele yangu ni wewe."

Redio akatazama kiti ambacho hakijachongwa bado, akatazama benchi, akapima kwa macho.

"Magoti yetu yatagusana," akasema.

"Chumba ni kidogo. Tutafanyaje?"

* * *

Siku ya harusi ukumbi ulifurika. Shangazi alikaa mbele kabisa, kofia yake ikiwaziba watu wa safu nzima. Redio alisimama kushoto kwa mchumba wake, mpiga picha alipojaribu kumhamisha kulia akamwambia kwa upole kwamba hapo pana mwenyewe.

Msajili wa ndoa alikuwa mzee mpole mwenye sauti ndogo kama mtu anayeongea na kitabu. Mpiga picha akamwomba asogee pembeni asizibe sura za maharusi. Akasogea. Akaenda kusimama kulia kwa Randa, akafungua karatasi yake, akaanza kusoma.

Randa akaona midomo inacheza. Ikacheza, ikacheza, ikasimama. Msajili akainua macho, anasubiri. Ukumbi wote ukanyamaza, simu zote juu, zinarekodi.

Kila mtu mle ndani alijua ameulizwa nini. Hata yeye alijua. Jibu lilikuwa neno moja, na alikuwa amelitumia maisha yake yote.

"Sijasikia," Randa akasema kwa sauti.

Mnong'ono ukapita kama upepo. "Mungu wangu, anakataa!" Shangazi akasimama, kofia ikaanguka.

"Sikatai, Shangazi, kaa! Mzee wangu, sikio hili halifanyi kazi. Naomba uje upande huu, uyasome yote tangu mwanzo, pole pole. Hili sitaki kulikisia."

Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Mzee akazunguka, akapenya nyuma ya shela, akaja kusimama kushoto karibu na bibi harusi, akasoma upya. Randa akainamisha kichwa kidogo na kuyapokea yote, neno baada ya neno, hadi alama ya kuuliza.

"Ndiyo," akasema. "Na nimesikia."

Msajili akamgeukia Redio, akamsomea swali lake. Bibi harusi wanja ulikuwa umeshafika mashavuni kwa machozi.

"Naomba urudie," akasema.

Mzee akashusha karatasi. "Nawe pia husikii, binti yangu?"

"Nimesikia vizuri sana, baba," Redio akasema. "Nimependa tu kulisikia tena."